Pemba si Unguja iliyochelewa

Siku ya tatu asubuhi, shemeji yangu alishuka ngazi za nyumba ya wageni pale Chake Chake begi likiwa begani, zipu imefungwa, viatu vya safari mguuni. Sisi wengine tulikuwa tunakunywa chai. Akauliza boti ya Unguja inaondoka saa ngapi. Dada yangu, mkewe, hakunyanyua hata uso kutoka kwenye mkate wa kumimina. "Keshokutwa," alimjibu. "Ya leo imeondoka wewe ukiwa usingizini."

Nilicheka, kisha nikajuta, maana kosa lilikuwa langu. Mwezi mmoja kabla, mimi ndiye niliyempigia simu nikamwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia kwa mawakala wa utalii wa Mji Mkongwe, kwa madereva wa teksi, na hata kwa watu wenye akili zao timamu: Pemba ni kama Unguja ya miaka thelathini iliyopita. Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa hivyo anaona nini kichwani? Anaona Nungwi isiyo na msongamano. Mchanga uleule, maji yaleyale, pweza wa kuchoma yuleyule, ila watu wachache na bei inashikika. Akapanga siku sita. Alipofika akakuta vilima, mikoko, mvua, na mji ambao saa tatu za usiku umeshalala.

Tangu siku ile sentensi hiyo nimeiacha, na mwingine akiisema mbele yangu namkatiza. Pemba haikupanga foleni nyuma ya Unguja ikingoja zamu yake ya kuwa na vitanda vya jua na muziki wa ufukweni. Ni kisiwa cha namna nyingine. Swali la kama kinakufaa kwa mapumziko ni swali la haki, na anayejibu kwamba hakimfai hajamtukana mtu.

Tuanze na ardhi, kwa sababu mengi yanatoka huko. Kati ya Unguja na bara bahari ni ya kina kifupi, na kisiwa chenyewe kiliwahi kuwa kipande cha bara. Pemba imejitenga tangu zama za kale zaidi, na mkondo unaoitenga na pwani ya Tanga unashuka mamia ya mita. Mashariki ya Unguja ni tambarare ya mawe ya matumbawe. Pemba ni vilima na mabonde, vilima visivyo virefu lakini visivyokwisha. Barabara ya kutoka Mkoani kwenda Chake, na kutoka Chake kwenda Wete na Konde, inapanda, inashuka, inapinda, na kila ukishuka bondeni kuna mpunga, na kila ukipanda kuna mikarafuu, minazi, miembe, migomba. Mabaharia wa Kiarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, na ukikiangalia kutoka kwenye dirisha la ndege ndogo huoni sababu ya kuwabishia.

Sasa angalia pwani yake. Bahari imeingia ndani kwa vidole vingi virefu, na vidole hivyo vimejaa mikoko. Chake Chake yenyewe imekaa juu ya kilima mwanzoni mwa hori ambayo maji yakitoka hubaki matope; vyombo siku hizi huishia Wesha. Watu wamejenga juu, kwenye udongo mzuri. Baharini wanashuka kwenda kuvua, kisha wanapanda kurudi nyumbani. Kwa hiyo uso wa Pemba uko ndani, si ufukweni. Anayekuja kutafuta mchanga tu ni sawa na mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango upande wa ukuta wa nyuma, halafu analalamika hakukaribishwa.

Fukwe zipo, nisije nikasingizia. Siku ya pili tulikwenda Vumawimbi, kaskazini kabisa. Unapita kwanza msitu wa Ngezi, ambao ni masalia ya msitu mkubwa uliokuwa umekifunika kisiwa kabla ya mashamba. Gari linaingia kwenye kivuli kizito mpaka unahisi ubaridi mikononi, mizizi imevimba kando ya njia, tumbili wanakatiza. Msituni humo anaishi bundi mdogo asiyepatikana popote duniani isipokuwa Pemba, na paa wadogo wasiofika urefu wa goti la mtu mzima. Kisha ghafla miti inaisha na mwanga unakupiga machoni: mchanga mweupe umejikunja mwendo mrefu, maji ya rangi tatu, na siku ile, viumbe wote waliokuwepo walikuwa wavulana wawili na ng'ombe mmoja. Dada yangu alivua viatu akaenda zake, akarudi baada ya saa mbili. Shemeji alikaa nusu saa juu ya shina la mnazi lililoanguka, akaniuliza soda zinauzwa wapi.

Haziuzwi. Hapo ndipo ningepaswa kuelewa.

Lakini kabla ya Vumawimbi kuna kuvuka. Hili mawakala hulipitia haraka, nami sitalipitia haraka. Boti ya kwenda Mkoani ikishaiacha ncha ya Nungwi inaingia kwenye mkondo usio na kinga ya ardhi upande wowote. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, bahari inaweza kulala. Wakati wa kusi, kuanzia katikati ya mwaka, inainuka. Tulivuka Agosti. Kijana wa boti alipita akigawa mifuko kabla hatujahisi chochote, nikaona watu wazima wakiikunjua mapema kwa utulivu wa mazoea. Shemeji aligeuka rangi. Mama mmoja wa makamo, buibui lake limekunjwa vizuri mapajani, akamkatia ndimu kwa ukucha. "Nusa, mwanangu. Usiangalie maji, angalia kule kunakosimama." Kulikosimama hakukuwepo, ila ndimu ilisaidia.

Mkondo huo si wa kufanyia mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama humo ikielekea Pemba, imejaza kupita kiasi, na mamia wakafa. Kaa Pemba siku chache, ongea na watu, na kuna wakati mazungumzo yatapita karibu na usiku ule, sauti zitashuka, kisha mtu ataulizia chai. Ukiwa mtu wa kuogopa bahari, panda ndege: ni karibu nusu saa kutoka Unguja hadi uwanja wa Karume nje ya Chake. Kama bei ya ndege haishikiki na bahari inakutisha, hapo tayari una jibu lako, na hakuna haja ya kuendelea kusoma.

Waliobaki niwapeleke kwenye karafuu.

Mikarafuu haikuwa ya asili huku. Ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa miongo kadhaa Unguja ndiyo iliyotangulia. Kisha Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba kwa kiasi kikubwa ikasalimika. Toka hapo karafuu za Zanzibar zikawa, kwa sehemu kubwa, karafuu za Pemba. Kila kitu utakachokiona kisiwani kina mkono wake: barabara zilikopita, vijiji vilikokaa, harusi zinapofungwa, hata hadithi za magendo ya usiku kwenda upande wa Mombasa, maana mnunuzi wa halali ni mmoja, shirika la serikali la ZSTC, na bei anapanga yeye.

Ukifika wakati wa msimu, ambao mwaka mzuri huanguka nusu ya pili ya mwaka, harufu inakupokea kabla ya mtu. Mbele kidogo ya Wete tulisimamisha gari kwa sababu hatukuweza kuvumilia. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye jamvi barazani na wajukuu wanne, rundo la vishada mbele yao. Anashika kishada, anakibana kwenye kiganja cha mkono wa pili, anakizungusha mara moja, karafuu zinadondoka upande huu na makonyo yanatupwa upande ule. Hata makonyo hayapotei. Yanauzwa, na kiwanda cha Wawi kinayakamua mafuta. Uani karafuu zilikuwa zimeanikwa kwa umri wake: jamvi la leo kijani chenye wekundu wa shavu, jamvi la juzi rangi ya matofali, la mwisho hudhurungi iliyokolea. Bibi alichukua moja ya jamvi la mwisho akaivunja karibu na sikio la dada yangu. Ilitoa mlio kama kijiti. "Hii tayari," alisema. "Ile isiyolia haijakauka, ukiitia guniani inaota ukungu."

Tulikuwa bado tunashangaa pale wingu lilipotoka nyuma ya kilima. Sikusikia amri yoyote. Nilichoona ni watoto wote wanne wameruka kwa pamoja, wakashika pembe za majamvi, wakakunja, wakaburura. Dada yangu aliacha mkoba chini akakimbilia pembe ya jamvi la nne. Mke wangu akafuata. Mvua ikaanguka kama imemwagwa, na dada, ameloa chapachapa, akamtania bibi kwa methali: "Wanasema Mpemba hakimbii mvua ndogo!"

"Hakimbii mvua," bibi alisema, akifuta uso kwa kanga. "Anakimbilia karafuu."

Shemeji alikuwa barazani tangu mwanzo, ameinua simu juu akitafuta mtandao. Simlaumu. Anafanya kazi Kariakoo siku sita kwa wiki, anaamka saa kumi na moja alfajiri, na anayoyasikia mchana kutwa ni honi na vipaza sauti. Mapumziko kwake ni mtu mwingine kumletea kiti. Hilo ni hitaji halali kabisa, na kuna mahali duniani palipojengwa kulitimiza. Ila Pemba atakayekuletea kiti ni mwenye nyumba, na akishakuletea atakaa naye akuulize kwenu wapi, baba yako nani, na una watoto wangapi. Kama ulikuja kukimbia maswali ya watu, utachoka zaidi ya ulivyokuja.

Siku hizi mtu akiniuliza kama Pemba itamfaa, nami namuuliza swali moja tu: saa tisa alasiri unafanya nini? Asubuhi kila mahali panapendeza, na usiku mtu analala. Alasiri ndiyo inayopima. Umeshakula wali na samaki wa nazi, jua ni kali au mvua imeanza, maduka mengine yamerudishia milango, gari la Wete linangoja lijae na limebakiza abiria saba. Hakuna ratiba. Hakuna mtu atakayekuja na kipeperushi. Kuna baraza, kuna wazee wawili wanacheza bao, kuna muuza kahawa. Wapo watu ambao saa hiyo huwafungukia taratibu; wanakaa, wanasikiliza Kipemba kinavyopanda na kushuka kama barabara zake, wanakosea kuelewa, wanachekwa, wanaelekezwa. Na wapo ambao saa hiyo inawakaba koo. Jijue wewe ni yupi kabla hujakata tiketi.

Vivutio vyenyewe vinapima hivyo hivyo. Pale Kidike unakwenda kuwatazama popo wakubwa wa Pemba, wala matunda, ambao mabawa yao yakinyooshwa hufika mita moja na nusu. Zamani waliwindwa kwa kitoweo mpaka wakakaribia kwisha. Baadaye wanakijiji wenyewe wakawalinda, na kiingilio chako kinabaki kijijini. Mchana wanachofanya ni kuning'inia. Mmoja anajipepea kwa bawa, mwingine anamsogeza jirani yake kwa goti, wote wanagombana kwa sauti za watoto wa madrasa. Nilikaa pale saa nzima na ningeweza kuongeza.

Pujini ni mtihani mgumu zaidi. Ndipo ilipokuwa ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi yanasema alikuwa katili kiasi kwamba aliwafanya watu wabebe mawe huku wakijiburura kwa makalio. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa na wake wawili wenye wivu, akajenga ukuta ndani ya kisima ili kila mmoja ateke maji bila kumwona mwenzake. Kilichobaki ni tuta, vipande vya ukuta, kisima, na kichaka. Shemeji alitembea dakika kumi akauliza kasri liko wapi. Mzee aliyekuwa akituonyesha akasema kwa upole, "Umeshalikanyaga, bwana."

Wapiga mbizi wao nawaondoa kwenye hesabu hii, wana mizani yao. Kuta za matumbawe upande wa magharibi, na hasa karibu na kisiwa cha Misali, zinashuka ghafla kwenye bluu nzito, na wanaojua mambo hayo huja kutoka mbali kwa ajili yake pekee. Misali yenyewe ni hifadhi, kasa hutaga huko, na hata asiyejua kuogelea anaweza kwenda na mashua akarudi jioni ameridhika. Wenye fedha nyingi nao wana mahali pao; kaskazini-magharibi kuna hata chumba cha hoteli kilichozamishwa baharini, unalala samaki wakikuchungulia dirishani. Inawezekana kwenda Pemba hivyo na usiione Pemba hata kidogo. Si dhambi.

Mambo mengine madogo niyapitie. Masika, Machi hadi Mei, barabara za ndani za udongo zinateleza kwelikweli. Pombe ni ya kutafuta kwa tochi. Kama bia ya jioni ndiyo likizo yako, usijitese. Kisiwa karibu chote ni cha Waislamu, kwa hiyo mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni, na Ramadhani mchana usitegemee mgahawa, ingawa futari utakayoalikwa itafidia. Fedha taslimu beba za kutosha. Na wale wa Dar wanaonitumia ujumbe kuulizia uchawi wa Pemba nawajibu kwamba jambo pekee lililonitokea usiku ni mbu.

Rafiki yangu mmoja, Mpemba wa Chake mwenye duka Dar, aliposikia ninavyozungumza alinikasirikia. "Unatufukuzia wateja," aliniambia. Na hoja yake ina uzito. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki sita mwaka 2023, na sehemu kubwa mno iliishia Unguja. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu nusu milioni Pemba. Vijana wao wanaondoka kwenda Dar, Mombasa, Oman, kwa sababu karafuu haziwatoshi wote. Nani kanipa mimi, mtu wa kuja siku sita na kuondoka, haki ya kuchagua nani aende na nani asiende? Wala kisiwa hiki si makumbusho. Tangu mwaka 2010 kinapata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na kabla ya hapo watu waliishi na majenereta yaliyochoka. Hakuna Mpemba niliyemsikia akiyakumbuka kwa mapenzi.

Nilimjibu hivi. Mgeni aliyekosea njia ana gharama. Anayekuja Pemba akitarajia Nungwi atarudi akiwaambia wenzake hakuna kitu, na hilo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba kuna siku atatokea mwekezaji wa kumridhisha. Mgeni anataka ufukwe mpana, na mahali panapotakiwa pana mikoko. Basi mikoko itakatwa, na kaa na kamba waliokuwa wakizaliana humo wataondoka nayo, na mwenyeji atauziwa ajira ya kupanga vitanda pale alipokuwa akivua. Unguja wanayajua haya. Anayekuja kwa ajili ya vilima, karafuu, msitu, popo na maneno ya barazani anataka vitu ambavyo vipo tayari na wenyewe ndio wanaovijua. Fedha zake zinafika kwa mwenye gari, mwenye chakula, mwenye mashua, bila kubomoa kitu kwanza. Rafiki yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema wa namna hiyo ni wachache. Ni kweli, ni wachache. Hapo tulishindwa kukubaliana, na bado hatujakubaliana.

Shemeji aliondoka na boti ya keshokutwa. Tulimsindikiza Mkoani, mji ulioning'inia kwenye mteremko juu ya bandari, akatupungia akiwa na ndimu tatu mfukoni. Dada alibaki nasi hadi siku ya sita, siku mbili akizimalizia kwenye lile baraza la mbele ya Wete, na alirudi Dar na kidole gumba kilichogeuka kahawia ambacho sabuni haikukiweza wiki nzima. Ndoa yao haina tatizo lolote, kama unajiuliza. Mwaka uliofuata walikwenda likizo mbalimbali, wakarudi wote wamenenepa.

Wiki iliyopita jirani yangu alinisimamisha getini. Ana watoto watatu, mdogo ana miaka minne, na Desemba anataka kuwatoa. Amesikia Pemba ni kama Unguja ya zamani. Nikamwambia kuhusu mkondo, vilima, mvua, soda zisizouzwa Vumawimbi. Nikamuuliza lile swali langu la saa tisa alasiri. Alifikiri, akawatazama wanawe waliokuwa wanapigania baiskeli moja. "Saa tisa alasiri," alisema, "mimi nataka niwe nimelala, na hawa wawe kwenye maji ya kiunoni na mtu anawaangalia."

Nilimpa namba ya rafiki mwenye vyumba Nungwi.